Kitalu nyumba baada ya masika: kazi za kumaliza kabla baridi haijakaza

Mvua za masika zikikatika tu, hata tope halijakauka kwenye gambuti, maswali huwa ni yale yale matatu. Nailoni imeota ukijani, nifanyeje? Nyanya zinanyauka na majani bado mabichi, nizidishe maji? Niking'oa leo naweza kupanda kesho? Majibu mafupi: ioshe, usizidishe, na hapana. Majibu marefu ndiyo haya.

Namwandikia mwenye kitalu nyumba (kibanda cha nailoni cha kupandia mboga) kidogo nyuma ya nyumba, kama changu cha mita 6 kwa 12 hapa upande wa Tengeru, nje kidogo ya Arusha, na bustani ya mboga kandokando yake. Huku masika hutuachia mwishoni mwa Mei, kisha kipupwe kinaingia. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na mawingu yanaweza kuganda juu ya Meru siku nne mfululizo. Ukiwa Lushoto au Limuru utajiona humu humu. Ukiwa Njombe au Makete unapambana na sakitu pia, yaani umande unaoganda kuwa barafu, kwa hiyo hatua ya 9 isome mara mbili. Ukiwa Dar es Salaam au Tanga, nakushauri kwa roho safi uachane na nailoni: huko inageuka tanuri. Weka neti ya kivuli, na hatua za usafi na udongo zifuate kama zilivyo.

Vitu vya kuandaa

Uwe navyo siku moja kabla, maana kukimbilia duka la pembejeo saa sita mchana na mikono ina tope ndiko kunakofanya watu waache kazi katikati.

Ndoo mbili, sabuni ya maji, dodoki au brashi laini, na kitambaa cha kufunga kwenye mti mrefu. Jiki. Siki kidogo. Mkasi wa kupogolea, jembe, reki, toroli. Mifuko mikubwa myeusi ya nailoni, mitano au sita. Tepu ya kuzibia nailoni ya kitalu (ile pana na ngumu, selotepu ya ofisini haimalizi wiki). Glavu. Glasi moja ya kioo. Samadi iliyooza vizuri, na nitarudi kwenye hilo neno "vizuri". Mbegu na trei za miche. Daftari.

Anza kazi saa moja asubuhi. Ikifika saa tano, hata kwenye baridi, kukiwa na jua ndani ya nailoni hakukaliki.

1. Kagua kabla hujang'oa

Watu wengi huanza kwa kung'oa. Usifanye hivyo. Mimea ya msimu unaoisha ndiyo ripoti yako, na ukishaitupa huwezi kujua udongo una nini.

Pita tuta kwa tuta na daftari. Mche uliodumaa, ung'oe polepole uangalie mizizi. Ukiona vinundu kama shanga zimetungwa kwenye uzi, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, viumbe wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi. Mizizi ikiwa myeupe na safi, shukuru na uendelee.

Mche uliokuwa unanyauka mchana na kuchangamka jioni, kisha siku moja ukagoma kuchangamka, ufanyie kipimo cha glasi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kama urefu wa kidole. Jaza glasi maji masafi, shikilia kipande kile wima ncha yake iguse maji, kisha usiitikise glasi. Tulia. Ndani ya dakika chache, ukiona uzi mweupe kama wa maziwa unashuka kutoka kwenye shina na kuzama taratibu, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya duka itakayouponya, hata muuzaji akikuapia. Kumwagilia zaidi ni kuusafirisha kwenda kwa jirani yake. Andika kwenye daftari ni tuta lipi na ni kuanzia mche upi, halafu uoshe mkasi kwa jiki kabla haujagusa mche mwingine.

2. Ng'oa, funga, ondoa

Ng'oa pamoja na mizizi. Tia kila kitu kwenye mifuko myeusi ukiwa bado ndani ya kitalu, funga midomo, ndipo utoe nje. Kisa cha kufunga humo ndani ni kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya. Tangu alipoingia nchini mwaka 2014, mdudu huyu hajatuacha salama, na ukiburuta matawi yenye viwavi hadi jalalani unawatembeza ua mzima. Iache mifuko juani kwa wiki kadhaa, kisha fukia.

Kosa kubwa hapa ni kuacha nyanya zilizodondoka. Nyanya moja iliyotobolewa, ikabaki chini ya mpira wa dripu (wa kumwagilia tone kwa tone), inatosha kuanzisha kizazi kipya. Piga magoti uziokote.

Mabaki ya nyanya zenye ugonjwa yasiingie kwenye mboji. Mboji yetu ya nyumbani mara nyingi haipati moto wa kutosha kuua hayo mambo. Majani ya spinachi, magugu yasiyo na mbegu na maganda ya jikoni hayana shida.

3. Siku hiyo hiyo, sia mbegu

Hapa ndipo jibu la "naweza kupanda kesho?" linapopatikana. Kwenye baridi miche ya nyanya au hoho huchukua wiki 4 hadi 5 kuwa tayari, na kitalu kinahitaji wiki 3 hadi 4 kitupu ili kantangaze waliobaki ardhini wachomoze, wakose cha kula, wafe. Hesabu inajipanga yenyewe: ukisia leo, nyumba inapumzika wakati miche inakua.

Trei zikae nje ya kitalu, mahali palipoinuka, zimefunikwa neti. Usizilee ndani ya nyumba ile ile unayoisafisha.

4. Osha nailoni na vyombo

Ukijani ule ni mwani, na vumbi likikaa juu yake mwanga unapungua wakati ambao jua lenyewe limekuwa la kubahatisha. Mimea inarefuka shingo, haina nguvu.

Changanya sabuni kidogo kwenye ndoo ya maji. Funga kitambaa kwenye mti mrefu, futa kutoka juu kwenda chini, nje na ndani, kisha suuza. Usipande juu ya fremu; fundi aliyeijenga hakuikusudia ibebe mtu. Usitumie dodoki la waya wala sabuni ya unga yenye chenga, vinachubua nailoni, na nailoni iliyochubuka hushika uchafu haraka zaidi msimu unaofuata. Neti za pembeni zipige maji kutoka ndani kwenda nje.

Kamba za kufungia nyanya kama ni za katani zichome, ununue nyingine. Kama ni za plastiki, ziloweke pamoja na klipu, mkasi na trei kwenye jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 9, nusu saa, kisha suuza na uanike. Jiki isikutane na siki wala asidi ya kusafishia choo kwenye ndoo moja. Hutoa hewa inayochoma mapafu. Vitu vya chuma vikishasuuzwa vipake mafuta kidogo, jiki inakula chuma.

5. Nguzo, matobo na mlango

Gusa kila nguzo usawa wa ardhi kwa ncha ya panga. Ikizama, mchwa wameshafika. Nguzo moja unaweza kuisaidia kwa kuipigilia nyingine ubavuni, lakini nguzo tatu upande mmoja ni kazi ya fundi, na ni heri uifanye sasa kuliko upepo wa Septemba uifanye kwa niaba yako.

Matobo: safisha, kausha kabisa, ziba pande zote mbili. Tepu haishiki penye unyevu hata uipige ngumi. Nailoni ikiwa imeanza kukauka na kukatika kama karatasi unapoikunja, tepu haitaiokoa. Nailoni nzuri ya mikroni 200 iliyotiwa kinga ya jua hudumu miaka mitatu hadi mitano. Mimi mara ya kwanza niliuziwa ile nyeupe ya wajenzi, nikahakikishiwa kuwa "ni ile ile, bei ndiyo tofauti". Miezi minane baadaye ilikuwa inapepea vipande vipande kama khanga kwenye kamba. Uliza kinga ya jua, na uione imeandikwa kwenye gombo lenyewe.

Mlango ufungike bila kuacha mwanya. Nimeona vitalu vya bei mbaya vyenye neti safi pande zote na mlango unaofungwa kwa kuegesha jiwe. Inzi weupe wanapita humo kama wageni wa harusi.

6. Dripu

Anza na chujio. Lifungue, lioshe kwa brashi ya meno. Ukiwa na simtanki, lifungue koki ya chini utoe tope lililotuama. Baada ya masika huwa ni la kutisha.

Kisha fungua ncha zote za mipira, ruhusu maji, na uache yatiririke hadi yawe meupe. Funga ncha, halafu pima: weka vikopo vinavyolingana chini ya tundu la kwanza, la katikati na la mwisho la kila mpira, robo saa. Cha mwisho kikipata chini ya nusu ya cha kwanza, mpira umeziba au tangi liko chini mno. Liinue angalau mita moja na nusu kutoka ardhini.

Maji ya huku kwetu huacha utando mweupe kwenye matundu. Kwa mpira ulioziba hivyo, ukunje uuloweke usiku kucha kwenye maji yenye siki, kesho yake uusukume kwa maji. Sindano usitumie: unapanua tundu, na mche mmoja utakunywa sehemu ya watatu.

7. Udongo

Hapa ndipo pa kutuliza akili, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Chimbua matuta sentimita 30, vunja mabonge. Weka samadi debe moja kwa kila mita mbili za tuta lenye upana wa mita moja, changanya, mwagilia kiasi, na uache. Magugu yataota ndani ya siku kumi. Yapalilie yakiwa machanga. Fanya hivi mwanzoni mwa mapumziko ya kitalu. Ukiiacha samadi mpaka siku ya kupanda umechelewa.

Sasa hilo neno "vizuri". Samadi iliyooza vizuri hainuki mavi. Inanuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, inavunjikavunjika mkononi, na ukiingiza mkono katikati ya rundo hutahisi joto. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na haraka, nikachukua ya kuku moja kwa moja bandani kwa jirani, nikapanda kesho yake. Miche 90. Siku ya tano kingo za majani zilikuwa zimeungua rangi ya chai, na ya nane nilikuwa na miche 11. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe. Irundike, ifunike, igeuze, miezi mitatu kwenda mbele, na hata hapo tumia nusu ya kipimo nilichotaja.

Kwenye tuta lililofeli kipimo cha glasi, usirudishe nyanya, hoho, biringanya, nyanya chungu wala viazi mviringo. Wote hao ni ukoo mmoja na wanaugua pamoja. Weka saladi, spinachi, giligilani au vitunguu. Kwenye minyoo fundo, vitunguu ni chaguo zuri. Maharage siyo, yanashambuliwa vilevile. Ukisema lazima nyanya, basi zipande kwenye ndoo au mifuko yenye udongo mpya, juu ya nailoni nyeusi ili mizizi isiguse chini.

Wengi husikia habari ya kuchemsha udongo kwa jua: unaulowesha, unautandikia nailoni nyepesi isiyo na rangi, unaubana kingo na kuuacha wiki 4 hadi 6. Inafanya kazi, lakini inataka jua kali. Hiyo ni kazi ya Januari na Februari. Ukiifanya Juni hapa Arusha utakuwa umeyatandikia magugu blanketi.

Kabla ya kumwaga chokaa, pima udongo. Kwa Arusha kuna TARI Seliani (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), Morogoro wapo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo). Chokaa kwa kubahatisha ni hasara, na ikizidi kuitoa huwezi.

8. Bustani ya nje

Huku ni kwepesi. Zibua mitaro kabla tope halijawa gumu. Rudishia udongo kwenye mashina ambayo mvua imeyaacha mizizi nje. Sukuma wiki iliyorefuka kama mnazi kata kichwa, ichipue upya kutoka chini, au ing'oe kama imeshaliwa na vidukari. Kata matawi ya mparachichi yanayotia kitalu kivuli upande wa mashariki. Jua la asubuhi ndilo la thamani kwenye kipupwe.

Panda vitu vinavyopenda baridi: kabichi, karoti, njegere, chainizi, figiri. Mchicha utaota lakini kwa kusuasua. Tandaza majani makavu ya migomba unene wa vidole vinne, uyaache umbali wa kiganja kutoka kwenye shina. Kuanzia Juni huku mvua ni ya kuomba, na matandazo yatakupunguzia safari za maji.

9. Kupanda, na ratiba ya mapazia

Miche ikifikia unene wa penseli, ipeleke jioni. Siku tatu kabla punguza maji iwe migumu.

Halafu linakuja kosa la kipupwe, la wazoefu na wageni. Mtu anahisi baridi, anafunga mapazia ya pembeni mchana na usiku "nyanya zisiumwe". Ndani kunajaa unyevu, asubuhi dari inadondosha matone kama mvua, na ndani ya wiki bakajani chelewa, ambayo wengi tunaiita ukungu tu, imeshakomba tuta. Baridi kavu nyanya inaivumilia. Baridi yenye majani maji ndiyo inayoiua.

Kwa hiyo: fungua saa tatu asubuhi, hata kukiwa na wingu. Funga saa kumi jioni kabla joto la mchana halijapotea. Mwagilia asubuhi tu, chini kwa dripu, kamwe si juu ya majani. Mche mchanga kwenye baridi robo lita hadi nusu kwa siku inamtosha. Ukimaliza, ingiza kidole kwenye udongo, kukiwa na unyevu kwenye kiungo cha pili, ruka siku. Ondoa majani ya chini yanayogusa ardhi. Kwa Njombe na Makete, usiku wa sakitu tandika neti nyepesi moja kwa moja juu ya miche na uiondoe jua likichomoza.

Ukipuliza dawa ya kinga, yenye shaba au mankozebu, soma kibandiko: kipimo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nunua iliyosajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), kwenye chupa yenye kibandiko chake. Ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda iache huko huko.

Mwaka uliobaki

Septemba na Oktoba ni upepo na vumbi: kaza waya na klipu za nailoni, osha dari tena, anza kuangalia utitiri mwekundu chini ya majani. Kabla ya vuli, zibua mitaro na uweke mifereji ya kukingia maji ya paa la kitalu. Paa la mita 6 kwa 12 likipata mvua ya milimita 10 linakupa kama lita 700, na kuyaacha yapotee inauma. Januari na Februari ni joto: neti ya kivuli juu, mapazia wazi kutwa, na udongo uliochoka uufunike nailoni nyepesi. Machi, kabla ya masika, rudia hatua ya 5 peke yake.

Ikienda kombo

Maua yanadondoka bila kufunga. Ndani hakuna upepo. Tikisa kamba za mimea kila siku kama saa nne asubuhi, maua yakiwa makavu. Gonga kamba kwa kidole, usiivute.

Kitako cha nyanya kinaoza, cheusi na kikavu. Huu si ugonjwa wa kuambukiza. Mara nyingi maji yanakuja leo mengi, kesho hakuna. Sawazisha umwagiliaji kwanza, kabla ya kununua chupa ya kalsiamu.

Majani yana mabaka meupe, ndani yake kiwavi. Kantangaze. Chuma majani hayo kila siku uyafunge mfukoni, tundika mtego wenye harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni, kagua mlango. Dawa zibadilishe kwa kundi, yaani namna zinavyoua. Kubadilisha jina la chupa tu hakusaidii, anazizoea haraka.

Miche imerefuka, myembamba, rangi ya maji. Mwanga hautoshi. Rudi kwenye nailoni na lile tawi la mparachichi. Mbolea ya ziada itairefusha zaidi.

Majani ya juu yanajikunja na inzi weupe wanaruka ukigusa. Ng'oa mche huo, usiulee. Weka vibao vya njano vyenye gundi usawa wa ncha za mimea, na tafuta tobo.

Nailoni inapiga makofi usiku. Usingoje asubuhi ya Jumamosi. Toka na tochi utafute klipu iliyoachia. Ikipiga hivyo usiku mzima, asubuhi utakuta imechanika kuanzia pale pale.